Joto la Ndani ya Pamba

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Somanda alimfanyia mwanawe sherehe ya kuzaliwa. Walileta boksi la friji, refu kuliko mtoto mwenyewe, limefungwa riboni nyekundu, wakalisimamisha katikati ya uwanja, na akina mama wote simu juu, wanarekodi. Mtoto akaambiwa apasue. Akapasua, ndani kuna baiskeli mpya, na ile harufu ya tairi ambalo halijawahi kugusa udongo ikanifikia nilipokaa na sahani yangu ya pilau. Niliweka sahani chini nikaenda zangu nyumbani. Najua walinisema. Mama mwenye sherehe alimwambia mwenzake, na mwenzake hakukawia kuniletea, kwamba mimi nina roho mbaya, sipendi kuona watoto wa watu wakifurahi. Waache waseme. Mimi naongea na ninyi wa umri wangu, mliolala nyumba moja na pamba mkiwa wadogo.

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa kushtukiza watoto. Sina neno jingine la kuuita. Alikuwa mkulima kama wanaume wengine wote wa kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, analima pamba, mahindi na mpunga kidogo bondeni, lakini akipata kitu cha watoto hakukileta mkononi kama watu. Kitanda chetu cha mbao alikileta vipande vipande, leo mguu, kesho ubao, anavificha kwa jirani, hadi siku ya Pasaka tuliporudi kanisani tukakikuta kimesimama chumbani kimetandikwa shuka. Mbuzi wa Krismasi alimfunga miguu, akamlaza kwenye kitanda hicho hicho na kumfunika blanketi, akatuambia twende taratibu tukamwamkie shangazi aliyechoka na safari. Doto aliinama kuamkia, mbuzi akalia, na Doto akatoka mbio hadi kwenye zizi la ng'ombe.

Na alipenda kitu kiwe kikubwa. Zawadi inayoingia mfukoni, alisema, hiyo ni ya wazee wanaogawa pipi. Alisema pia kwamba kitu kikubwa ndicho rahisi kukificha, kwa sababu hakuna mtu anayefikiria kukitafuta. Maneno yake hayo niliyaamini kuliko katekisimu.

Zawadi nyingi hazikuwa zangu, niseme ukweli. Kwetu walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto, wavulana wote wawili, kisha nikaja mimi, na mtoto anayewafuata mapacha haulizwi jina, anaitwa Shija basi. Mapacha walikuwa na sheria zao, na aliyezisimamia ni bibi, mama yake baba, tuliyekaa naye boma moja. Wakishonewa nguo ni mbili za kitambaa kimoja. Akichapwa mmoja, mwenzake naye anaguswa na fimbo kidogo, hata kama alikuwa amekaa zake anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nguo zikiwabana zilinijia mbili mbili, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa kike mwenye kaptula nyingi kuliko gauni.

Msimu ninaousema pamba ilikubali. Tuliichuma wote, tukaichambua juani, nyeupe huku na fifi, ile yenye madoa, kule, kisha ikaingizwa kwenye chumba kikubwa cha nyumba yetu. Mnaijua hiyo habari. Ilianza kama kilima, ikawa mlima, ikafika kwenye mabati, na sisi tukahamishiwa kulala jikoni kwa bibi. Kibatari kilipigwa marufuku kupita hata karibu na mlango ule. Chumba kizima kilinuka mafuta ya mbegu, vumbi na wale wadudu wekundu wanaobaki kwenye pamba, harufu nzito inayokaa puani hadi unapouweka ugali mdomoni. Mimi niliipenda. Tulipanda juu ya lile lundo tukajirusha, mama akatutoa kwa mwiko, tukarudi.

Siku moja baba akawaita mapacha mlangoni pa chumba cha pamba. Kutoka ndani ya lundo kulikuwa kumetokeza ncha ya kamba ya katani. Akawaambia kuna ndama ameingia humo, wamvute. Kulwa na Doto wakashika kamba, wakavuta, wakaanguka kwa makalio, wakainuka wakavuta tena, na pamba ikaporomoka na kutoa usukani, kisha tairi, kisha baiskeli nzima, ya kiume, kubwa, ya watu wazima, ina pamba kwenye spoku zote. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Doto hakucheka. Alisimama akaishika kengele kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

Bibi ndiye hakufurahi. Alikuja akiwa na ungo mkononi, akaitazama baiskeli, akawatazama wajukuu.

"Mapacha hawapewi kimoja, baba Kulwa," alisema.

"Mama, ina siti na ina keria. Hivyo si viwili?"

"Nimekwambia mimi. Kimoja kinamtafuta mmoja."

Baba akamshika bega, akamwambia tumeshabatizwa, hayo tuyaache. Bibi naye alibatizwa, tena kabla yake, na rozari alikuwa nayo shingoni wakati huo huo anasema. Alirudi kwenye mahindi yake akayapepeta kwa nguvu hadi kuku wakakimbia.

Kwa muda baiskeli ile ilikuwa raha tupu. Hawakufika kwenye siti, kwa hiyo Kulwa alipitisha mguu ndani ya fremu akapedali amejipinda, na Doto nyuma kwenye keria anapiga kelele za kumwelekeza. Kisha wanabadilishana. Mimi nilikimbia nyuma yao hadi nikate pumzi. Hawakugombana hata siku moja, bibi alisubiri wagombane hakuona.

Halafu Doto akaanza kuumwa. Jioni alisema kichwa, asubuhi hakuweza kuinamisha shingo. Zahanati walimpa dawa, na alipoanza kutupa mikono na miguu wakasema apelekwe hospitali mjini haraka. Baba alimbeba kwa pikipiki, Doto katikati, mama nyuma amemkumbatia. Kulwa alitaka kuwafuata na baiskeli, bibi akamshika fulana. Alimshika kwa nguvu kiasi kwamba fulana ilichanika, na hakumwachia.

Siku zile baba alikuja nyumbani mara chache, kuchukua uji na nguo safi. Mara moja alikuja akiwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa maturubai nyuma ya pikipiki ya mtu, akaniambia nikamwangalie kuku aliyeatamia nyuma ya nyumba. Nilikwenda, kwa sababu nilijua maana yake. Nilifurahi moyoni nikasema baba ameanza tena. Nilipotoka kwa kuku alikuwa ananawa mikono, na kwenye nywele zake kulikuwa na nyuzi za pamba. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama. Safari hiyo hakuwa na la kumkemea. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Umechelewa, mwanangu, lakini umefanya."

Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyoweza kupotezwa na watu wazima wasiokusudia kumpoteza.

Mama alirudi asubuhi moja kwa pikipiki, peke yake, amejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Nilimkimbilia nikakuta mikono yake haina kitu. Watu walianza kuja. Lakini hawakuja kama wanavyokuja msibani, na msiba mimi niliujua, nilishaona wanawake wakijitupa chini njiani kwa mzee wa jirani. Hawa waliingia wakaamkia "mwadila, mayu" kwa sauti ya kawaida, kama waliokuja kuomba chumvi, wakakaa kwenye mikeka, wakanyamaza. Kumbe bibi alikuwa ametuma neno kwa kila nyumba: mapacha hawaliliwi. Anayemlilia aliyekwenda anamwita aliyebaki amfuate. Kwa hiyo hakuna aliyelia. Mama yangu, aliyelia kwa moshi na kwa kitunguu, alikaa ukutani macho makavu, anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

Mimi nilipelekwa kwa jirani nikapewa wali na nyama siku ya katikati ya wiki. Niliporudi jioni, Doto hayupo na Kulwa hayupo. Kulwa nilielezwa: shangazi amemchukua kwake Mwandoya, atakaa huko kwanza. Bibi hakutaka alale kwenye kitanda ambacho mwenzake alilala.

"Na Doto?" niliuliza.

Bibi alinifuta mafuta ya wali mdomoni. Neno la kufa, kwa pacha, hakulitamka, hata mbele ya padri.

"Ametoka," alisema. "Usimtaje."

Niliwaza, na mawazo yangu yalikuwa ya mtoto lakini yalikuwa na mpango. Hakuna aliyelia, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Nimekatazwa kumtaja, na sisi tulikatazwa kutaja kitu pale tu baba anapokuwa amekificha, maana kuna wakati nilisema habari ya zawadi moja kabla ya siku yake nikaharibu, na mama akanifinya. Baba aliingia chumba cha pamba na akatoka na pamba kichwani. Na kikubwa ndicho rahisi kukificha. Jamani, nani angenibishia?

Nilisubiri mama aende kisimani, nikaingia. Nilichagua upande wa ukutani, nikaingiza mkono hadi kwenye kwapa. Pamba ya juu ilikuwa ya baridi. Ndani zaidi ilikuwa vuguvugu, na zaidi ya hapo ilikuwa na joto, joto la kweli, la mtu aliyelala chini ya blanketi. Mnaojua pamba mnajua kwamba ikiingizwa na unyevu inajipasha yenyewe. Mimi sikujua. Nilitoa mkono nikakaa chini nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tangu hapo nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Nilimsukumia vipande vya michembe ndani ya tundu nililotoboa, na nikirudi havipo. Panya wa nyumba ile walinenepa msimu huo, sasa najua. Nilimwambia habari: kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, kwamba baiskeli imeegeshwa jikoni na bibi ameifunika gunia, kwamba asijali, sisemi kwa mtu. Wakati mwingine nilisikia kitu kinatembea ndani nikamwambia atulie, wasimsikie. Siku moja nilipozamisha mkono upande mwingine niligusa chuma cha baridi. Nilipapasa: duara, spoku, tairi lenye vile vinywele vya mpira vya tairi jipya. Nikanusa vidole vyangu. Baiskeli ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa yote, au nilidhani nimeelewa: mmoja alikuwa hana yake, sasa atatoka na yake.

Majirani waliuza pamba zao. Baba hakuuza. Watu walimuuliza akasema anasubiri bei, na bei ilipanda, na ikashuka, na yeye anasubiri. Alikuwa hataki kukaa nyumbani wala kwenda shambani, anasimama kwenye ile njia ya zizi akiwa na fimbo bila ng'ombe. Mzaha wote ulimtoka. Mama na yeye waliongea kuhusu chumvi na kuni tu. Mimi nilimwonea huruma kwa sababu niliona jinsi anavyochoka kutunza siri kubwa hivyo, nikawa nakwenda kumshika mkono, na yeye anauondoa taratibu.

Mwishowe bibi akasema pamba inageuka njano, itakataliwa. Mama akasema, "Iuze, baba Kulwa. Tunahitaji chumba." Basi ikapangwa siku. Na kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa, bibi alikubali Kulwa arudi siku hiyo hiyo, mradi asiulizwe kitu na asilie.

Asubuhi ile nilioga bila kulazimishwa. Nilivaa gauni la Jumapili, lile moja nililokuwa nalo, nikajipaka mafuta hadi magotini. Mama aliniuliza ninakwenda wapi. Nilimwambia siendi popote, na nikamtazama baba nikatabasamu, ili ajue kwamba najua na sitaharibu. Baba aligeuza uso.

Vijana walikuja na mkokoteni wa ng'ombe, wakaanza kushindilia pamba kwenye magunia, mmoja anaingia ndani ya gunia anakanyaga, wengine wanamjazia. Lundo lilishuka. Nilikaa kizingitini nikiangalia kila wanapokomba. Usukani ulitokea. Kijana mmoja akasema, "Ohoo, mzee, huku kuna mali." Wakaivuta, baiskeli mpya ya kitoto, ndogo, ya kimo cha Doto hasa, fremu bado imezungushiwa nailoni. Baba alikuwa amejifunza: hii mtu angefika kwenye siti.

Vijana waliona uso wa mama wakaacha kucheka.

"Hii ya nani?" mama aliuliza.

"Ya Doto," baba alisema. "Nilisema akirudi aikute."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile jina lilitajwa ndani ya nyumba. Bibi aliguna kutoka uani. Vijana wakamalizia kazi haraka haraka hadi pamba ya mwisho ikaingia guniani na wakayabeba magunia nje. Nikaingia. Chumba kilikuwa kikubwa, sakafu ya udongo tupu, kwenye kona kuna viota vya panya na vipande vya michembe yangu vilivyotafunwa nusu. Nilitazama kona zote. Nilikwenda hadi ukutani nikaugonga. Kisha nikarudi kwa baba, ambaye alikuwa ameegemea mlango.

"Yuko wapi?" nilisema. "Baba, mtoe sasa. Pamba imeisha."

Nilimwona anaelewa. Sijawahi tena kuuona uso wa namna ile kwa mtu mzima, na sitaki. Aliteleza kwenye ule mlango hadi akachuchumaa, akaficha kichwa kati ya magoti, na mimi nikamvuta sikio, ndiyo, nilimvuta baba yangu sikio, nikimwambia mtoe, usinifanyie hivyo, mtoe.

Wakati huo ndipo shangazi alipofika na Kulwa kutoka Mwandoya. Sikuwasikia wakishuka. Nilisikia tu sauti ya Kulwa nyuma ya baba, kavu, ya mtu aliyekaa na neno muda mrefu peke yake.

"Alikufa, Shija. Walimzika kule nyuma ya minyaa. Mimi niliona."

Nililia. Nililia kwa sauti hadi ng'ombe wa mkokoteni wakageuka. Bibi alikuja mbio, uzee wote ule, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka tumbaku. "Nyamaza, utamchukua na huyu, nyamaza," alikuwa anasema, na leo nasema alikuwa anaogopa kweli, hakuwa mkatili. Niliuma kile kiganja.

"Mwache alie," mama alisema.

"Mama Kulwa."

"Nimesema mwache mtoto alie, mama. Mimi nimeshindwa."

Na mama akakaa chini katikati ya chumba kitupu, akanyoosha miguu kama mtoto, akakitoa kilio. Kilikuwa cha siku zote zile pamoja. Aliita Doto, akaita tena, kwa sauti kamili, jirani wakasikia, na mimi nikaenda kumwangukia miguuni, na baba akaja kwa magoti kutoka mlangoni. Bibi alibaki amesimama anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka usoni na hayafuti.

Kulwa hakuingia. Alikuwa bado kizingitini, mfuko wake wa nguo umebanwa kifuani kwa mikono miwili. Alimtazama bibi, akamtazama mama, kidevu kinamcheza.

"Mama," alisema, "na mimi naruhusiwa?"